Mzigo Uko Njiani

Yapo maneno matatu ambayo sisi akina mama wa kikundi cha kutembelea wagonjwa hapa Iringa tuliyasikia mwaka 2024 mpaka tukawa tunayaota usiku: "Mzigo uko njiani." Tuliyasikia asubuhi, tukayasikia jioni, na mwishowe kila mtu kikundini akichelewa kikao alikuwa akisema hivyo hivyo, nasi tukicheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka.

Tupo kumi na wawili. Kila Alhamisi baada ya kazi za nyumbani tunagawana mitaa, wengine Kihesa, wengine Mtwivila, tukiwaona wazee wasioweza kufika kanisani wala kliniki. Wawili kati yetu ni wauguzi, ndiyo maana tangu mwanzo tulikuwa tukibeba mashine ya kupimia presha. Ile ya zamani, ya kubonyeza mpira kwa mkono, ilianza kuvuja hewa mwezi Agosti. Tukauza maandazi, tukachangishana, tukafikisha shilingi 90,000.

Basi tukaenda katika duka la vifaa vya hospitali, mjini. Mwenye duka, baba wa makamo, akatusalimu "Kamwene!" tukaitika, akatutolea mashine ya umeme ya kufunga juu ya kiwiko. Akaitia betri mbele yetu, akawapima watatu miongoni mwetu, akatueleza namna ya kuitunza. Bei 95,000. Tukaandika jina la mashine kwenye kipande cha karatasi, tukamwambia, "Tutarudi, baba."

Hatujafika hata mwisho wa ngazi za duka, mmoja wetu akafungua simu. Mashine ile ile, kwa picha, ilikuwa ikiuzwa Dar es Salaam kwa 58,000, na chini yake imeandikwa: tunatuma mikoa yote, siku 3 hadi 5. Akina mama wenzetu, ninyi mnaijua hesabu ya sokoni. Hiyo tofauti ya 37,000 ilikuwa sabuni, sukari na unga wa uji kwa wazee wengine wanne. Hakuna aliyepinga. Sisi wauguzi, ambao tungepaswa kuuliza maswali, ndio tuliosema haraka zaidi, "Tuma hela." Tukalipa yote kwa simu tukiwa tumesimama pale pale barabarani. Huduma ya mtu kakutumikia nusu saa, fedha ukampa usiyemjua!

Wiki ya kwanza tuliambiwa basi limechelewa. Tukaamini, maana nani wa huku asiyeijua Kitonga? Lori moja likilala kwenye kona za mlima ule, abiria wa Iringa, Mbeya na Songea wote hukaa wakitazamana. Wiki ya pili tukaambiwa mzigo umekwama bandarini. Hapo mweka hazina wetu akashtuka. Mzigo ulio dukani Dar es Salaam unatafuta nini bandarini?

Kumbe muuzaji hakuwa na mashine hata moja. Tulikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa na picha tu. Alikuwa akikusanya fedha za wateja, kisha anaagiza kwa wakala aliyeko Guangzhou, China, na wakala naye anangoja mizigo ya watu wengi itimie ndipo aisafirishe pamoja. Ikija kwa ndege unaweza kungoja wiki mbili au tatu. Ikija kwa meli, hesabu mwezi na zaidi, bado kuitoa bandarini. Wapo wanaofanya biashara hiyo kwa uaminifu, wakimwambia mteja tangu mwanzo kuwa ni ya kuagiza, atasubiri. Anayejua atasubiri siku 40 hupanga mambo yake. Aliyeambiwa siku 5 hapangi kitu.

Nasi hatukupanga kitu. Kule Kihesa yupo bibi mmoja anayeishi na mjukuu wake wa darasa la sita. Mara ya mwisho kumpima kwa mashine ya zamani, presha yake ilikuwa 178 kwa 104, wakati sisi huanza kuhangaika ikifika 140 kwa 90. Alipelekwa kliniki, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Ugumu wa presha ni kwamba haiumi. Mgonjwa wa jino atakimbilia dawa mwenyewe, lakini wa presha huamka mzima, anafagia uwanja, anasema, nimepona, dawa za nini? Bibi yetu alikuwa hivyo. Kilichokuwa kikimshinda ni namba. Tukimpima na kumwonyesha, hata kama hajui kusoma sana, alijua kuwa ile ya juu ikianza na 17 ni mbaya, na mbele yetu alikuwa akiagiza maji ameze kidonge.

Mwezi ule wa kungoja tulikuwa tukienda kwake mikono mitupu. Tulisali naye, tukamwachia sukari, tukamwuliza, "Bibi, dawa umemeza?" Akajibu, "Nimemeza, wanangu." Tukaaga.

Siku ya 19 tangu tulipe, mjukuu alipiga simu alfajiri. Bibi mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, anachosema hakieleweki. Hizo ni dalili za kiharusi, na haihitaji diploma kuzijua: uso, mkono, maneno. Ukiona hata moja imebadilika ghafla, usingoje kupambazuka. Tulitafuta bajaji, akafikishwa hospitali mapema, Mungu akamhifadhi. Tulipokwenda kuchukua nguo zake, tuliukuta mfuko wa vidonge juu ya kabati. Ulikuwa karibu umejaa.

Hatusemi kwamba mashine ya presha ingezuia kiharusi. Sisi tuliosoma kazi hii hatuwezi kusema uongo huo. Ila hatukulala vizuri, na tulipokutana Alhamisi iliyofuata, mmoja wetu aliuliza lile ambalo wote tulikuwa tukilikwepa: kwa nini hatukuazima mashine? Zahanati ipo, wenzetu wa usharika wa jirani wanayo. Jibu lilikuwa la aibu. Hatukuazima kwa sababu tulikuwa tumekwisha kulipa. Mtu akishatoa fedha hujiona kama tayari anacho kitu, na kesho itafika, kesho itafika. Angalau tungekuwa hatujanunua kabisa, tungehangaika.

Tukarudi dukani. Njiani kila mmoja alikuwa akimsukuma mwenzake atangulie. Yule baba alitutambua, akasema tu, "Karibuni tena, mama zangu." Hakuuliza tulikuwa wapi. Mfukoni zilikuwa zimebaki 32,000. Alizipokea, akaandika iliyobaki katika daftari lake, tumalizie kwa miezi miwili, akatukatia risiti. Kisha akamtazama mwenzetu mmoja mnene, akasema mkanda ule hautamfaa. Ni kweli, nasi tungepaswa kulisema wenyewe: mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, mashine hutoa namba ya juu kuliko presha ilivyo, ukamtia mtu hofu na dawa asizozihitaji. Mkanda mkubwa, wa 32 hadi 42, hakuwa nao. Akapiga simu Dar es Salaam kwa mtu anayemjua, mtu ambaye mkanda alikuwa ameushika mkononi. Kesho yake saa kumi alasiri tuliupokea stendi ya Igumbilo. Ni barabara ile ile ya kilomita kama 500, na Kitonga ni ile ile.

Msije mkadhani tumekuwa maadui wa simu. Maduka ya mtaani nayo tunayajua. Wapo wanaokupandishia bei kwa kukutazama viatu, na wapo wanaokuuzia kitu kilichopitwa na tarehe huku wakikuita dada. Tena katika kikundi chetu yumo mama anayeuza vitenge kwa simu, kutoka sebuleni kwake, na mizigo yake hufika Makambako na Songea bila kelele. Siku tulipolipa zile 58,000 alikuwa msibani. Aliporudi alisikitika sana. Yeye, akitaka kununua kwa mtu asiyemjua, humwambia ampigie picha ya video akiwa amekishika hicho kitu na karatasi yenye tarehe ya leo. Asiye nacho atakuletea hadithi. Na kama inawezekana halipi yote, hutoa kidogo, inayobaki analipia stendi mzigo ukiwa mbele ya macho. Mambo mepesi kabisa, na kati ya sisi kumi na mmoja hakuna aliyeyafikiria.

Mzigo wetu, ndiyo, ulifika. Siku ya 41. Ndani ya boksi kulikuwa na mashine ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, si ile ya picha, na karatasi ya maelezo ya Kichina tupu. Tulimpigia muuzaji, akatufungia namba. Ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayomtambua na kumlinda mnunuzi wa namna yetu, lakini nauli ya kumfuata mtu Dar es Salaam ingezidi fedha tuliyomdai. Tukamsamehe, ingawa mweka hazina anasema yeye bado.

Bibi alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Mkono wa kulia bado mzito, anashikia kikombe kwa kushoto, ila maneno yake yamerudi yote, na mengine ni makali kuliko zamani. Februari 2025 tulikuwa kwake. Tukamketisha dakika tano bila kuzungumza, jambo lililomshinda, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Mashine ikavuma, ikashusha pumzi: 146 kwa 88. Mjukuu akaandika katika daftari, akaenda kuleta maji na kidonge.

"Na kile kingine cha kwenye simu," bibi akauliza, "kilifika?"

"Kilifika, bibi."

"Kiko wapi?"

Tukatazamana. Mweka hazina akasema kipo kabatini, watoto wake wanakichezea udaktari.