Lisemwalo Lipo? Sumu, Uvumi na Ushahidi wa Vitu

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tangu nianze kusoma Kiswahili nimekutana na methali hii mara nyingi, na kila mara inanitia hofu. Mimi ni mzaliwa wa Koboko. Kwetu, mtu akifa ghafla, linalosemwa kwanza ni neno moja: sumu. Majirani zetu Walugbara wana neno lao, enyanya. Likishatamkwa, jina la mtu hufuata, na jina likifuata, mara nyingi nyumba huchomwa.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwanaume mmoja wa mtaani kwetu alirudi kutoka matangani, akatapika usiku kucha, akafa alfajiri. Kabla ya saa nne asubuhi kila mtu alikuwa anamtaja mama mmoja mjane aliyesaidia kupika. Nyumba yake ya nyasi ilichomwa jioni hiyo, naye akavuka mpaka kwenda kwa ndugu zake. Sisemi kwamba hakuwa na hatia, kwa sababu sijui. Hakuna ajuaye. Sufuria zilikuwa zimeoshwa, matapishi yamefunikwa kwa udongo, na marehemu amezikwa kabla ya jua kuzama. Kila kitu ambacho kingeweza kumtetea au kumtia hatiani kilikuwa kimeondoka. Kilichobaki ni maneno tu.

Katika lugha ya mahakama, kitu kinacholetwa mbele ya hakimu kuthibitisha jambo huitwa kielelezo. Neno hili linatokana na kitenzi kueleza. Panga, shati lenye damu, chupa, alama ya kidole, vyote hivyo vinaeleza. Shahidi mwanadamu huweza kusahau, kuogopa, au kumpendelea shemeji yake. Chupa haina shemeji. Lakini chupa haina mdomo pia: inaeleza tu pale ambapo watu wameitunza na kuipeleka kwa anayejua kuisoma.

Mfano mzuri tunao hapa hapa West Nile. Mwezi Agosti 2022, watu wasiopungua 10 walifariki Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa pombe kali ya chupa yenye ladha ya nanasi. Hebu tufikirie vifo vile vingetokea bila chupa kuhifadhiwa. Kila familia ingekuwa na maiti yake, na kila mtaa ungekuwa na mjane wake wa kushukiwa. Badala yake, pombe ilipimwa maabara, na vipimo vikaonyesha methanoli. Hiyo ni aina ya alkoholi ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho na hatimaye kuua. Dalili zake zinaweza kuchelewa saa nyingi, kwa hiyo mtu hunywa mahali pamoja na kuzidiwa mahali pengine, akiwa na watu wengine kabisa. Uvumi ungemkamata aliyekuwa naye mwisho. Kipimo kilielekeza macho kwenye kiwanda na duka.

Baba yangu mdogo alikuwa askari wa upelelezi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadi leo mtaani wanamwita Afande. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na cha amri, lakini ndiye aliyenifundisha jinsi kielelezo kinavyotunzwa.

"Usishike kwa mkono mtupu," aliniambia. "Kila kitu na mfuko wake. Ukichanganya viwili, umeua vyote."

Nguo yenye damu, alisema, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa katika bahasha ya karatasi. Ikifungwa mbichi ndani ya kavera inaota ukungu na damu inaharibika. Panaposhukiwa sumu, daktari huchukua sehemu ya tumbo na ini pamoja na damu, kila kimoja katika chupa yake safi, wala haitiwi formalini, dawa ya kuzuia maiti isioze, kwa sababu inaweza kuvuruga vipimo. Kisha chupa hufungwa kwa lakiri, huandikwa tarehe na jina la aliyeichukua, na huingizwa katika daftari la vielelezo.

Baada ya hapo safari huanza. Maabara kuu ya serikali iko Wandegeya, Kampala. Kutoka Koboko hadi Arua ni zaidi ya kilomita 50, na kutoka Arua, kupitia daraja la Pakwach na Karuma, ni karibu kilomita 500 nyingine, katika joto letu. Kila mkono unaopokea kifurushi lazima uandike umekipokea lini na kutoka kwa nani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililieleza jambo hili katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007. Ilitaka kumbukumbu ya maandishi ionyeshe jinsi kitu kilivyokamatwa, kilivyohifadhiwa, kilivyohama na kilivyochunguzwa. Lengo ni kuhakikisha kwamba kitu hicho kweli kinahusiana na kosa, na hakikupandikizwa ili mtu fulani aonekane mkosaji. Wengi hudhani karatasi hizi ni usumbufu wa polisi. Kwa maoni yangu, ni ngao ya mshukiwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au mwenyewe akiri. Kuthibitisha kunahitaji kitu ambacho njia yake inajulikana.

Najua nyumbani watanijibu nini. Watasema majibu ya Kampala huchelewa, na je, tukae tukila na muuaji? Hoja hii si ya kipuuzi. Familia moja ninayoifahamu ilisubiri zaidi ya mwaka mmoja, na ilipokwenda kuuliza kituoni, iliambiwa faili halionekani. Uchungu wao ninauelewa. Wengine watasema dini inatutaka tuzike haraka. Ni kweli, lakini wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu maiti kuchunguzwa pale haki ya mtu inapodai hivyo, na uchunguzi wa siku moja hauondoi heshima ya marehemu. Serikali ikichelewa, tuidai serikali. Kuchoma nyumba hakuharakishi majibu ya maabara. Tena, nyumba ya mshukiwa ikiungua, vielelezo vilivyomo huungua pamoja nayo, na muuaji, kama yupo, hushukuru.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba polisi hawawi wa kwanza kufika. Wa kwanza ni jirani, shangazi mwenye ufagio, na mwenyekiti wa LC1. Wao ndio wapelelezi wetu wa saa ya kwanza, na hakuna aliyewafundisha. Mambo wanayohitaji kujua ni machache: wasioshe, wasikanyage, wasizike kabla ya kutoa taarifa. Hayo yanaweza kusemwa kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili sokoni, kanisani na msikitini. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kuyaandika kwa maneno mepesi, kwa kuwa maneno ya mahakama hayatamlinda mtu yeyote ikiwa mama wa kijijini hayaelewi.

Sipendekezi tuifute methali. Wazee waliisema kwa sababu mara nyingine ni kweli. Ninachoomba ni kwamba jambo likisemwa, mmoja wetu awe na ujasiri wa kuuliza mbele ya umati, kabla kiberiti hakijawashwa: kielelezo kiko wapi, na ni nani aliyekitunza?