Barua kutoka Hamburg: Mjerumani na matokeo yake

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na jogoo wa jirani aliyekuwa akikukatiza. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, imekuwaje Mjerumani, mwenye viwanda vyote hivi, watoto wake wapitwe hesabu na watoto wa Estonia, nchi uliyoitafuta kwenye ramani yako ya shuleni ukaikosa. (Ramani hiyo bado ina Umoja wa Kisovieti, Mjomba. Itundue.) La pili ni la mjukuu wako, kama ahamishiwe ingilishi midiam. Hilo nitalifikia, na najua jibu langu halitakupendeza.

Mtihani uliousikia redioni ni PISA. Unaendeshwa na OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri yenye makao yake Paris, tangu mwaka 2000, na wanaopimwa ni vijana wa miaka 15. Hakuna anayefaulu wala kufeli, na wala mtoto haletewi alama zake. Shule huokotwa kwa bahati nasibu, ndani yake wanafunzi nao huokotwa, wanakaa saa mbili kujibu maswali ya hesabu, kusoma na sayansi, kisha alama zao zinageuka kuwa alama za taifa. Awamu ya 2022 ilikuwa na nchi na maeneo 81. Hapa Ujerumani walipimwa vijana wapatao 6,000, na hao ndio walioitia nchi ya watu zaidi ya milioni 80 kwenye kilio.

Kilio chenyewe ni hiki: hesabu 475, kusoma 480, sayansi 492. Tangu mtihani huo uanze, Ujerumani haikuwahi kupata alama za chini hivyo. Singapore walipata 575 kwenye hesabu, Estonia yako 510. OECD hukadiria kwamba alama 20 ni karibu sawa na mwaka mmoja wa shule, na kati ya 2018 na 2022 hesabu peke yake ilishuka alama 25 hapa. Kwa haki yao niseme pia kwamba wastani wa nchi za OECD ulikuwa 472, kwa hiyo Mjerumani hakuwa mkia. Corona iliwaangusha wengi. Shule zilifungwa miezi mingi, na hapo ndipo nchi hii ya magari ya kifahari ilipogundua kuwa shule zake nyingi hazina intaneti ya maana.

Lakini corona ni mgeni kwenye hadithi hii. Pigo la kwanza lilikuwa Desemba 2001, matokeo ya awamu ya kwanza yalipotoka. Wajerumani walikuwa wamejizoesha kuamini kwamba elimu ni yao, nchi ya wanafalsafa na wagunduzi. Wakajikuta wa 21 kati ya nchi 31 kwenye kusoma, na Wafini, ambao hakuna aliyekuwa akiwatazama, wako juu kabisa. Magazeti hayakuzungumza jingine kwa wiki kadhaa. Nafasi ya 21 iliuma, lakini jambo lililouma wenye akili lilikuwa lingine: kati ya nchi zote zile, Ujerumani ndiko ambako kazi ya baba na vitabu vya nyumbani vilitabiri zaidi mtoto atasoma vizuri kiasi gani. Yaani shule ilikuwa inampokea mtoto wa fundi na mtoto wa wakili, na miaka tisa baadaye inawarudisha wakiwa wametengana zaidi.

Hapo ndipo penye jibu lako, Mjomba, na inabidi nikueleze mashine yao inavyofanya kazi, kwa sababu ukiwa Tanga huwezi kuibuni.

Sehemu kubwa ya nchi hii, mtoto akimaliza darasa la nne, akiwa na miaka kumi, anachujwa. Wenye alama nzuri huenda Gymnasium, njia ya chuo kikuu. Waliobaki huenda shule nyingine, ambazo majina yake hutofautiana jimbo kwa jimbo. Berlin na Brandenburg husubiri hadi darasa la sita. Bavaria ndio wakali: alama hapa huanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 6, na mtoto wa Bavaria lazima apate angalau wastani wa 2.33 katika masomo matatu ndipo aende Gymnasium moja kwa moja. Hapa Hamburg mzazi anaruhusiwa kuchagua hata kama mwalimu amependekeza vingine, ila mtoto akishindwa kufikia alama baada ya darasa la sita, anaondolewa. Unaweza kusema nasi tuna mchujo wetu wa darasa la saba. Ndiyo, lakini wa kwetu ana miaka kumi na tatu, kumi na nne. Huyu wa miaka kumi ni mtoto ambaye jana tu alikuwa anang'oka meno ya utotoni. Ni kuangua embe changa, halafu kulalamika kuwa ni chachu.

Na ukiuliza wanavyochuja, utachoka. Tafiti zao wenyewe za kusoma kwa darasa la nne zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wawili wakiwa na uwezo uleule, mwalimu humpendekeza Gymnasium yule wa mzazi aliyesoma. Sisemi walimu ni wabaya. Mwalimu anajiuliza nani nyumbani atamsaidia mtoto huyu, na anajijibu. Binti yangu yuko darasa la nne mwaka huu, kwa hiyo vikao vya wazazi nimevikaa. Baba daktari asiyeridhika huja na karatasi, ametia mistari chini ya sentensi. Mama wa Kighana anayefagia ofisi tangu saa kumi alfajiri husikiliza, husema asante sana, huondoka. Wote wawili wanampenda mtoto wao.

Kuna na suala la saa. Hadi miaka ya 2000 shule nyingi hapa zilifungwa mchana, mtoto anarudi nyumbani kula na kufanya kazi za shule. Na nani? Na mama, ambaye ilidhaniwa yuko nyumbani na anajua sarufi ya Kijerumani. Baada ya lile pigo la 2001 serikali ilitoa euro bilioni 4 kujenga madarasa na vyumba vya chakula ili watoto wakae shuleni hadi alasiri. Vikawekwa na viwango vya kitaifa vya kila somo. Kazi ilizaa: kufikia 2012 hesabu zilipanda hadi 514, kusoma 508. Ndiyo maana mteremko wa baadaye umewachanganya. Walidhani ugonjwa umepona.

Hawakugusa chujio. Hapo nikusimulie ya Hamburg, kwa kuwa sijaona kisa kinachoeleza nchi hii vizuri zaidi.

Mwaka 2010, mwaka uleule jiji hili lilipotia saini udugu na Dar es Salaam, serikali ya hapa iliamua watoto wasome pamoja miaka sita badala ya minne. Vyama vyote vya bungeni viliunga mkono, jambo ambalo huku ni nadra kama mvua ya Januari kule Dodoma kukosekana. Kikaibuka kikundi cha wazazi, kikiongozwa na wakili mmoja, wakakusanya saini, na jambo likapelekwa kwa wananchi kwenye kura ya maoni tarehe 18 Julai. Meya Ole von Beust alitangaza kujiuzulu siku hiyohiyo, na jioni matokeo yakatoka: mpango umekataliwa. Kura kama 276,000 dhidi ya 218,000.

Tazama waliopiga kura. Kwenye mitaa ya matajiri kando ya mto Elbe, kama Blankenese, watu walijitokeza kwa wingi. Billstedt na mitaa mingine ya maghorofa ya wafanyakazi, ambako watoto wake ndio wangenufaika, wengi walibaki nyumbani. Na wazazi wasio na uraia, ambao mitaa hiyo imejaa, hawakuwa na kura kabisa. Waliokata shauri kuhusu mtoto wa Billstedt walikuwa watu wa Blankenese. Nikimweleza hivyo jirani yangu Mjerumani hukasirika kidogo, anasema kila mzazi alikuwa na haki ya kumtetea mwanawe. Ni kweli pia. Hata mimi, binti yangu akipata Gymnasium, sitamzuia.

Kwenye basi utasikia maelezo mafupi zaidi: ni wageni. Tangu 2015 wamekuja wakimbizi wengi, watoto hawajui Kijerumani, basi alama zimeshuka. Yana chembe ya ukweli. Zaidi ya robo ya waliopimwa 2022 wana asili ya nje. Lakini watoto wa Wajerumani wenyewe nao walishuka. Na Kanada ina watoto wa wahamiaji wengi zaidi kwa uwiano, ila ilipata 497 kwenye hesabu. Kanada, nikiri, huwachagua wahamiaji wake kwa vyeti, ilhali Ujerumani iliita vibarua kutoka Uturuki tangu 1961, ikakaa miongo ikiwaita wageni ambao siku moja watarudi kwao. Watoto wa mgeni anayetarajiwa kuondoka nani atahangaika kuwafundisha lugha?

Kwa hiyo, Mjomba, ukiniuliza nchi inashindwaje, nakuambia usitazame wale wa mbele. Vijana bora wa Ujerumani kwenye hesabu ni asilimia 9 hivi, sawasawa na wastani wa OECD. Tazama nyuma ya darasa. Karibu asilimia 30 hawakufikia kiwango cha pili cha hesabu, ambacho OECD hukihesabu kuwa cha chini kabisa mtu anachohitaji maishani: kulinganisha urefu wa njia mbili, kubadili bei kutoka fedha moja hadi nyingine. Kazi hiyo wabadili fedha wa mpakani Horohoro huifanya huku wakipiga soga. Kwenye kusoma ni robo. Estonia wamewainua hawa wa nyuma. Watoto wao husoma pamoja hadi darasa la tisa, chakula cha mchana cha shule ni bure, na wengi wamepitia chekechea.

Si kwamba Wajerumani wamelala. Hamburg hiyohiyo iliyopiga kura vibaya imefanya mambo ya maana kimyakimya. Kila mtoto huitwa shuleni akiwa na miaka minne na nusu, anapimwa lugha, na akiwa nyuma lazima aanze mafunzo ya Kijerumani kabla ya darasa la kwanza. Shule za mitaa ya watu wa hali ya chini hupewa madarasa madogo, watoto 19 ambapo kwingine ni 23. Shule nyingi za msingi husoma kwa sauti, darasa zima pamoja, dakika 20 kila siku. Hilo la mwisho ulitufanyia ulipokuwa ukitufundisha Korogwe, bila kulipwa hata senti ya ziada, na sisi tukikununia. Serikali ya taifa nayo, ikishirikiana na majimbo, imeanza, Agosti 2024, mpango wa euro bilioni 20 kwa miaka kumi, kwa shule zipatazo 4,000 zenye watoto maskini zaidi. Zamani fedha ziligawiwa majimbo kwa kilo, bila kuuliza nani ana njaa. Wamechelewa karibu miaka ishirini na mitatu tangu ile Desemba ya 2001, lakini wameanza.

Neno moja kuhusu hizo orodha za nchi bora. Mwaka 2018 China ilikuwa ya kwanza kwenye kila somo, lakini waliopimwa walikuwa wa Beijing, Shanghai, Jiangsu na Zhejiang tu. Ni sawa na sisi kupeleka shule za vipaji za Ilboru na Kibaha tuseme hiyo ndiyo Tanzania. Ndiyo maana Baraza la Mitihani, NECTA, walipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, ulinung'unika, mimi nilifurahi.

Sasa la mjukuu. Dada anataka ahamishwe darasa la pili hili hili. Mwaka 2007 watoto wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika walipimwa na SACMEQ. Kwenye kusoma Tanzania ilitoka juu, ikawapita Ushelisheli, Morisi na Kenya. Wa Kenya waliandikiwa mtihani kwa Kiingereza. Wa kwetu kwa Kiswahili. Watoto walewale wakafika kidato cha kwanza, lugha ikageuzwa chini ya miguu yao, na tukaanza kuwaita wazembe. Hapa mtoto wa Kisiria anapimwa lugha ya shule akiwa na miaka minne na nusu. Wetu tunamgeuzia akiwa na kumi na nne.

Dada si mjinga. Anajua sekondari ni Kiingereza, na aliyetoka ingilishi midiam huanza akiwa mbele. Lakini mjukuu wako bado anasoma kwa kukokota herufi. Akihamishwa leo atakariri kitabu asichokielewa, na mwalimu mwenyewe, kwa ada ile, anajua Kiingereza kiasi gani? Wewe umekifundisha maisha yako yote na baraza lako ni tupu kila jioni. Mwache alipo mpaka asome Kiswahili bila kusita, ndipo uanze naye Kiingereza hapo barazani.

Nimemwomba dada asilipe chochote kabla ya Januari. Nina sanduku la vitabu vya hadithi vya Kiswahili ambavyo binti yangu amevimaliza. Kuna anayesafiri Desemba, atavifikisha hadi kituo cha basi Tanga na kukupigia. Mjukuu wako akivimaliza kabla ya Pasaka, mpe Kiingereza kwa kasi unayotaka.

Wako mpwa,
Hamburg