Mwanafunzi wa Chuo: Alale Kwao au Alale Chuoni?



Zamani katika lugha yetu neno "chuo" lilikuwa ni mahali pa kusomeshwa Kurani, na mwanachuoni alikuwa ni mtu aliyezama katika elimu ya dini. Leo mtu akisema kwamba mtoto wake yuko chuo, watu hufahamu ya kuwa yuko Malimbe, au Bugando, au Butimba, ama amekwenda Dodoma au Dar es Salaam. Neno limehama, walakini swali lililokuwapo katika vyuo vyetu vya Kurani lingalipo vile vile: mwanafunzi aje asubuhi na kurudi kwao jioni, au akae papo hapo penye elimu yake?

Sisi tusomeshao watoto hapa Mwanza huulizwa swali hili kila mwaka, majina ya waliochaguliwa yanapotoka. Mzazi huja barazani akiwa na furaha, na nyuma ya furaha ana hofu. Huuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, huyu binti nimwache alale huko, au awe akirudi nyumbani?" Twaona inafaa tuieleze rai yetu hapa, ili ipate kufaa nyumba nyingi kwa pamoja.

Swali hili si geni katika Uislamu. Katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina palikuwa na mahali palipoitwa Suffa, walipokaa masahaba wasiokuwa na nyumba wala jamaa, wakilala hapo na wakijifunza hapo. Bwana Abu Huraira alikuwa mmoja wao, na hakuna sahaba aliyepokewa hadithi nyingi kuliko yeye, kwani hakuwa na shamba wala biashara ya kumwondoa. Bwana Umar, kwa upande wake, alikuwa akikaa mbali, pande za juu za Madina. Yeye na jirani yake wa Kiansari wakapeana zamu: leo hushuka huyu, kesho hushuka yule, na aliyeshuka humletea mwenzake habari zote za siku ile. Mmoja alikaa, mwingine alikwenda na kurudi, na wote wawili walipata elimu.

Hata baadaye Waislamu hawakulipuuza jambo la malazi. Katika Al-Azhar ya Cairo, iliyofunguliwa mwaka 972, wanafunzi wa kila nchi walikuja kuwa na riwaki yao ya kukaa. Katika madrasa ya Nizamiya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, mwanafunzi alipewa pa kulala pamoja na posho. Na karibu nasi, huko Lamu, Habib Swaleh na watu wa Riyadha waliwapokea wanafunzi waliotoka mbali, wakakaa na kusoma hapo. Wazee hao walifahamu ya kwamba mwenye njaa na asiye na pa kulala hawezi kuhifadhi kitu.

Sasa tutazame hali ya nchi yetu. Chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi 14 tu. Watu 14 hawana taabu ya vitanda. Leo wanafunzi wa vyuo ni maelfu kwa maelfu, na majengo ya kulala hayakuweza kwenda mbio pamoja nao. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni mapya ya watu 3,840, nayo ilikuwa ni neema kubwa. Hata hivyo wengi walibaki mitaani. Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, kilichopata daraja ya chuo kikuu mwaka 1998, nacho hupokea wanafunzi wa kila dini. Kuna chuo kikuu cha tiba Bugando, chuo cha ualimu Butimba, na matawi ya vyuo vya biashara na fedha. Vitanda ni vichache kuliko vichwa.

Basi tuanze na yule aendaye na kurudi. Mji wetu ni wa majabali na ziwa, na njia zake kubwa ni chache. Asubuhi watu wote huzikimbilia hizo hizo. Mtoto atokaye Kisesa au Igoma kwenda Malimbe aghalabu hupanda daladala mbili, na pengine bodaboda juu yake. Tulikaa na binti yetu tukahesabu, tukaona njia inamla saa 3 kila siku. Kwa siku 5 ni saa 15. Na kwa majuma 15 ya muhula mmoja ni saa 225, yaani zaidi ya siku 9 kamili, mchana na usiku, amekaa garini au amesimama kituoni. Na saa hizo haziondoki peke yake. Huondoka na usingizi, na maktaba ya jioni, na yale mazungumzo ya wanafunzi baada ya darasa ambayo mara nyingi hufundisha kama darasa lenyewe.

Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, tumesikia hata wazazi wa Sengerema wakisema kwamba sasa mtoto aweza kusoma Mwanza na kulala kwao. Daraja ni jambo jema, nasi twashukuru. Lakini daraja limeondoa kungojea kivuko, halikuziondoa kilomita. Ama wazazi wa Ukerewe, wao hawana la kuchagua: mtoto wao sharti apate pa kulala upande huu.

Pamoja na hayo, nyumbani kuna heri zake. Kuna chakula kilichopikwa, kuna mtu wa kumwamsha kwa sala ya alfajiri, kuna jicho la mama linalotambua huzuni kabla haijasemwa. Na gharama huwa ndogo. Lakini yatupasa kusema kweli: nyumba nyingi humla mwanafunzi wake, khasa akiwa wa kike. Twajua nyumba moja ya jirani ambamo binti alikuwa akirudi magharibi amechoka, naye hupokewa na ndoo, na sufuria, na wadogo zake wa kuogeshwa. Akifungua daftari ni saa 5 za usiku. Alirudia mitihani miwili, na watu wakasema hana akili. Akili alikuwa nayo. Saa ndizo alizokosa. Kwetu sisi, mama wa nyumba aliweka sharti tangu siku ya kwanza: siku za masomo binti huosha vyombo vyake tu, na kazi nyingine hungoja Jumamosi. Kaka zake walinung'unika walipopewa zamu ya kuteka maji, kisha wakazoea.

Tuje kwa yule akaaye bweni. Huyu yuko karibu na vitabu na walimu, na karibu na wenzake. Hujifunza kukaa na watu wa makabila na dini nyingine, na kuvumilia tabia za mtu mwingine katika chumba kimoja. Nayo ni elimu isiyoandikwa. Wa utabibu, ambaye hutakiwa wodini saa zozote, kukaa karibu si anasa bali ni sehemu ya kazi yake. Ubaya wake ni kuwa hakuna wa kumwambia "lala" wala "amka", na kijana ambaye hakuzoeshwa kujiongoza kwao hatajifunza siku moja.

Lakini kuna wa tatu, ambaye wazazi wengi humsahau. Mzazi husema, "Mwanangu anakaa chuoni," kumbe amepanga chumba mtaani, Malimbe au Nyegezi. Huyu hana mlinzi wa bweni wala hana mama. Kijana wetu wa kiume alipopanga chumba karibu na chuo chake alishikwa na malaria. Akalala siku tatu mlango umefungwa, na majirani wakidhani amesafiri. Aliyemtambua ni mama auzaye uji njiani, kwa kuona kwamba mteja wake hakufika kwa siku mbili. Mama yule akagonga mlango, akampeleka zahanati. Mungu amlipe kheri. Tangu hapo tumeshika neno moja, nalo twaliona ndilo kiini cha jambo hili lote: pahala hapamharibu mtoto wala hapamwokoi, la kuuliza ni hili, akikosekana siku moja, nani atauliza yuko wapi?

Na fedha pia ina mlango wake. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ya mkopo wa serikali ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Vijana huiita "bumu", nayo haitolewi kila siku bali kwa mafungu. Kijana aliyekuwa akiomba nauli mezani kwa baba, ghafula hushika laki kadhaa mkononi. Na mwenye chumba naye hutaka kodi ya miezi mingi kwa mara moja. Asiyefundishwa kugawanya atakula nyama juma la kwanza na atakopa unga juma la tano.

Sasa twawaelekea wazazi wenye mabinti. Twajua hofu yenu, nasi tunayo. Wengi husema, "Alale nyumbani, ndiyo stara." Kusudi ni jema. Lakini tazameni njia aipitayo: hutoka gizani na kurudi gizani, akasimama kituoni akingoja gari, akapanda bodaboda ya mtu asiyemjua. Je, hiyo ndiyo stara? Ikiwa bweni la wasichana lina mlango unaofungwa, na dada mmoja mkubwa anayemjua, basi huenda stara iko huko zaidi kuliko barabarani.

Rai yetu kwa ufupi ni hii. Kwanza, zihesabuni saa za njia kabla ya kuhesabu shilingi. Zikipita 2 kwa siku, mtafutieni pa kulala karibu. Pili, akipata kitanda cha bweni, mwaka wa kwanza akichukue, ajue mambo kabla ya kupanga chumba. Tatu, akipanga, asipange peke yake. Nendeni wenyewe mkamwone mwenye nyumba na majirani, na mwende msikiti wa mtaa ule mkamjulishe kwa imamu na kwa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Nne, akilala nyumbani, mpeni haki ya mwanafunzi: taa, meza, na saa za kusoma zisizoguswa. Tano, aendaye na kurudi afanye kama alivyofanya Bwana Umar, awe na mwenzake amletee yaliyopita asipokuwapo.

Na ninyi wenye nyumba zilizo karibu na vyuo, mtoto wa watu aliye jirani yenu ni amana. Sahani moja ya futari mwezi wa Ramadhani, au kubisha hodi tu mkiona mlango haukufunguliwa, ni jambo dogo kwenu. Kwa mama aliye Nansio au Sengerema ni usingizi wa usiku mzima.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walipo, awape elimu yenye manufaa, na awarudishe kwetu salama. Wabillahi tawfiq.