Futa Kwanza, Ndipo Utume Nyumbani

Fundi alichomeka diski, akangoja taa ya buluu iwake, kisha akageuza skrini ili nami nione. Ilikuwa diski ngumu ya inchi mbili na nusu, GB 500, iliyong'olewa kwenye laptopu iliyoungua bodi. Nilikuwa nimemwomba anitafutie diski nzuri ya kutia kwenye laptopu niliyokuja nayo kutoka Ujerumani, na hii ndiyo aliyoiamini. "Hii bado ina uhai, anti," akaniambia. Folda ya kwanza ilikuwa na picha za matanga. Ya pili ilikuwa na nakala za vitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na vyeti vya KCSE vya watu watatu. Ya tatu nilimwomba asiifungue.

Kibanda chake kiko mpakani mwa Kenya na Uganda, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, upande huu wa Alupe. Nilipokuwa mtoto, ukitaja Alupe watu walifikiria hospitali ya wakoma. Baadaye wakaijua kwa kituo cha utafiti cha KEMRI, kile kilichopima sampuli za madereva wa malori mwaka 2020 wakati foleni ya Malaba ilipokuwa haionekani mwisho. Kisha chuo kikakua, kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Alupe mwaka 2022. Wanafunzi wakaja na laptopu zao, nyingi zikiwa mitumba, zile tunazoziita ex-UK, na penye laptopu kuukuu fundi hakosi kazi.

Lakini kwa nini laptopu yangu ilifika bila diski? Hapo ndipo pa kuanzia.

Ninaishi Leipzig. Kazini kwetu walipobadilisha kompyuta, walituruhusu kuchukua zile za zamani bure. Nilichukua mbili. Nilipozifungua nyumbani, mahali pa diski palikuwa wazi katika zote mbili. Diski zilikuwa zimeng'olewa na kupelekwa kusagwa mashineni. Ni jambo la kawaida huko. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu ianze kutumika Mei 2018, kampuni nyingi huona afadhali kuharibu diski nzima kuliko kubaki na shaka.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walikwenda Ghana wakanunua diski kuukuu sokoni Tema. Katika mojawapo walikuta nyaraka za mikataba kati ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 huko Marekani, kwa sababu vifaa vyake vya zamani viliuzwa mnadani vikiwa bado na taarifa za wateja. Mkubwa wa kampuni akisoma habari kama hiyo, ataagiza diski zisagwe.

Nami nasema hapo wanakosea. Diski ikisagwa, kompyuta nzima huwa imeuawa nusu. Inafika Mombasa au Entebbe ikiwa kasha tupu, na fundi wa Busia inabidi atafute diski popote atakapoipata: kwenye laptopu zilizokufa, kwenye kamera za ulinzi za maduka yaliyofungwa, kwenye kompyuta za saiba iliyouza vyombo vyake. Ndivyo siri za mtu wa Amukura zinavyoishia ndani ya laptopu ya mwanafunzi asiyemjua. Ulaya wanaisaga diski ambayo ingefaa, nasi tunaiuza diski ambayo haijafutwa.

Kwetu diski haitupwi. Fundi huyu ana sanduku la mbao lililojaa, amezipanga kwa ukubwa kama mayai. Zile za laptopu huzitia kwenye kasha la USB, zikauzwa kwa wenye maduka ya filamu. Kule mpakani diski moja hubeba filamu za DJ Afro kwa Kiswahili na za VJ Jingo kwa Kiganda, kwa sababu kunakili kwa waya ni bure na bando ni pesa. Zile kubwa za inchi tatu na nusu, zinazohitaji umeme wa kando, huenda kwa wafunga kamera. Ukimwuliza atakuambia ipi inalia, ipi inapata joto, ipi usiitegemee kwa kitu unachokipenda. Leipzig sijakutana na mtu mwenye ujuzi huo. Kule kifaa kikuukuu kinapelekwa kwenye yadi ya manispaa, na ukishakiweka pale huruhusiwi kukichukua tena, hata kama ni kizima.

Siwaonei Wajerumani. Wako wanaopambana na utupaji huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 haziruhusiwi kupokea Windows 11, ingawa bado zinafanya kazi vizuri. Mtaani kwetu kuna mkahawa wa matengenezo, mfano wa ule ambao Martine Postma aliuanzisha Amsterdam mwaka 2009. Jumamosi moja kila mwezi wazee huleta redio, pasi na kompyuta zao, na wenye ujuzi hukaa nao wakitengeneza pamoja. Pale ndipo nilipojifunza kuweka mfumo endeshi kwa flashi.

Kazi yenyewe si ngumu, na ninaieleza kwa sababu watu wengi huiogopa. Unahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa. Unapakua faili la Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kama GB 3 hivi, kutoka kwenye tovuti ya wenyewe. Unaliandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama wimbo hakutoshi, kompyuta haitaliona. Kisha unazima laptopu, unachomeka flashi, unawasha huku ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Chagua flashi. Baada ya dakika chache Mint inafunguka ikiwa inaendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe, na diski haijaguswa. Unaweza kujaribu sauti, waifai na kibodi kabla ya kuamua lolote.

Nyumbani fundi huita kuweka mfumo endeshi "kupiga window", na kwa kawaida ni Windows ya kunakiliwa, pamoja na kiprogramu cha kuidanganya iamini kwamba imelipiwa. Flashi moja huzunguka vibanda vyote vya mji, ikiingia laptopu hii na kutoka ile. Wifi yangu ni mwalimu. Mwaka juzi alipigiwa Windows ya namna hiyo na fundi mmoja mjini, na baada ya wiki mbili kila folda ikageuka kuwa njia ya mkato isiyofunguka. Alama za madarasa matatu zilikuwa humo. Aliketi wiki nzima akizikusanya upya kutoka kwenye makaratasi ya mtihani. Sikasiriki kwamba fundi hana elfu kadhaa za kununua leseni. Nakasirika kwamba kipo kitu cha bure na halali, tena chepesi kwa mashine kuukuu, na hakuna aliyemwonyesha. Hata lugha si kizingiti: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, bila malipo. Miaka zaidi ya ishirini imepita.

Basi siku ile kibandani nilitoa flashi yangu ya Mint. Tulichomeka ile diski ya picha za matanga, tukawasha kutoka kwenye flashi, tukafungua programu iitwayo Disks iliyomo ndani yake. Kwanza inakuonyesha afya ya diski: imewashwa kwa saa ngapi, ina sehemu ngapi mbovu. Hii haikuwa na sehemu mbovu hata moja. Kisha tukachagua kuifomati kwa kuandika sufuri juu ya kila kitu. Fundi alishangaa. "Si ningeiformat haraka tu?" Nikamweleza kwamba fomati ya haraka ni kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu, kurasa nyingine zote zimebaki, na programu ya bure huzisoma upya. Ndiyo maana yeye mwenyewe huwarudishia wateja picha walizofuta kwa bahati mbaya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kazi ileile, ila kinyume."

Diski ya GB 500 huchukua kama muda wa saa mbili. Stima ilipotea mara moja, lakini laptopu ilikuwa na betri. Tulikunywa chai, malori yakipita kuelekea Malaba. Mstari ulipofika mwisho, tukaitia diski kwenye laptopu, tukaweka Mint, na jioni wifi yangu akaanza kuingiza alama zake humo. Fundi alikata kipande cha plasta nyeupe, akaandika "IMEFUTWA" na tarehe, akakibandika kwenye diski nyingine aliyokuwa amemaliza kuisafisha. Flashi nilimwachia.

Ndugu msomaji uliye Leipzig, Doha au Minneapolis: ukipewa kompyuta kuukuu kazini, omba na diski yake, uwaambie utaiandika sufuri mbele yao. Na ile yako unayotaka kumpelekea mpwa wako Desemba, ifute hivyohivyo usiku mmoja kabla ya safari, halafu uiweke Mint. Kama diski yake ni ya SSD, tumia amri ya kufuta ya mtengenezaji wake badala ya sufuri. Usiing'oe diski. Alupe inahitajika.