Malta: Uulize Upepo Kwanza

Sisi tuliolelewa kando ya Bahari ya Hindi tumezoea kuipanga siku ya kuoga baharini kwa kuyatazama maji: yamejaa au yametoka, ni bamvua au ni maji mafu. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na asiyejua saa zake hufika pwani akakuta matope na mwani. Basi tulipokwenda Malta na aila yetu, mwezi wa Juni, swali letu la kwanza kwa mwenyeji wetu lilikuwa, maji hujaa saa ngapi? Mzee yule alicheka. Katika Bahari ya Mediteranea maji hupanda kadiri ya shibiri moja tu, wala hakuna anayeyahesabu. "Hapa," akatuambia, "ulizeni upepo."

Hatukumsikiliza. Katika nyumba tuliyofikia palitundikwa picha ya pwani ya Għajn Tuffieħa, mchanga wa dhahabu chini ya vilima, nasi tukaichagua kwa uzuri wake. Tulifika tukakuta ngazi zipatazo 200 za kuteremka, na pamoja nasi alikuwako bibi wa watoto, ambaye magoti yake hayapatani na ngazi hata tatu. Huko chini bendera nyekundu ilikuwa inapepea. Kijana wetu mkubwa aliomba aingie japo mpaka magotini, tena akatuonyesha mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, panapoonekana pametulia. Mlinzi wa waogeleaji alimshika bega akamwambia kuwa pale penye utulivu ndipo penye hatari: maji yote yaletwayo na mawimbi hurudi baharini kwa njia ile, na mkondo wake humchukua hata mwogeleaji hodari. Aliyekamatwa na mkondo huo asishindane nao kwa kurudi moja kwa moja. Na aogelee sambamba na ufuo mpaka umwachie, ndipo aelekee nchi kavu. Tuliketi juu ya mchanga muda wa saa moja, kisha tukazipanda zile ngazi, bibi akituuliza kila kituo ni nani aliyeichagua pwani hii.

Jambo lenyewe ni jepesi kulifahamu. Malta ni visiwa vidogo, vyote pamoja kilomita za mraba 316, na kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 hivi. Pwani zake nyingi ni za mawe ya chokaa. Mchanga ni haba, nao zaidi uko upande wa kaskazini. Upepo uvumao mara nyingi kuliko pepo nyingine hutoka kaskazini-magharibi, nao huitwa majjistral. Ukivuma kwa nguvu, Għajn Tuffieħa na jirani yake Golden Bay huchafuka, kwa kuwa zimeelekea huko utokako. Upepo wa kusini-mashariki huitwa xlokk, na x husomwa "sh" katika lugha yao. Huo ukivuma, fukwe za magharibi hutulia na za kusini huchafuka. Kisiwa ni kidogo, basi aliyekosea asubuhi aweza kuhamia upande wa pili kwa basi kabla ya adhuhuri.

Msomaji ajuaye Kiarabu kidogo atafurahi kwa majina haya. Waislamu waliitwaa Malta mwaka 870, nao Wanormani walipowashambulia mwaka 1091 hawakuweza kuiondoa lugha. Leo Wamalta walio wengi ni Wakatoliki, walakini Għajn Tuffieħa ni chemchemi ya tufaha, Marsaxlokk ni bandari ya upepo wa xlokk, na bahari yenyewe huiita baħar.

Kwa watoto wadogo na wazee, sisi tunaisifu Għadira, katika ghuba ya Mellieħa. Ndiyo pwani ya mchanga iliyo kubwa kuliko zote kisiwani, basi husimama karibu na mchanga, na mtoto hutembea mbali ndani ya maji kabla hayajamfika kifuani. Siku ya majjistral hukingwa na kilima kilicho nyuma yake. Bali upepo wa kaskazini-mashariki, uitwao grigal, huingia moja kwa moja. Kwa vijana wajuao kuogelea kweli, St Peter's Pool karibu na Marsaxlokk ni bwawa la asili kati ya miamba, maji yake yana kina, wala hapana mchanga hata kidogo. Blue Lagoon ya kisiwa cha Comino ina maji mazuri mno, lakini watu wamejaa mpaka mtu hukosa mahali pa kutandika taulo; hatukuona sababu ya kurudi.

Hutazamwa bendera pia. Ya zambarau maana yake konyeza wamo majini, na wale wa huko huwasha sana.

Wako watakaotuuliza habari ya stara. Tulijionea kwamba mchana pwani zote hujaa watu wasiovaa kama sisi. Lakini mwezi wa Juni jua la Malta huchwa baada ya saa mbili usiku, na baada ya alasiri bado kuna zaidi ya saa tatu za mwanga. Wakati huo watu hupungua, na jua halichomi. Wanawake wetu waliingia majini Għadira kwa mavazi yao kamili, wala hakuna aliyewasemesha.

Siku moja tulivuka kwa feri kwenda Gozo, kwa dakika 25 hivi, kuiona Ramla l-Ħamra, yaani mchanga mwekundu, na kweli ni mwekundu. Njiani tuliingia jumba la makumbusho ngomeni Victoria, tukasimama mbele ya jiwe la kaburi la Maimuna, binti Mwislamu aliyefariki mwaka 1174, limeandikwa kwa hati ya Kufi. Tulimwombea. Hapo bibi alikaa kitambo kuliko alivyokaa pwani yoyote.

Asubuhi ya mwisho yeye ndiye aliyetangulia kuamka. Tulimkuta dirishani akizitazama nguo za jirani zilizoanikwa juu ya paa, kama zinapepea, na zinaelekea wapi. Zilikuwa zimening'inia tu. Tukaenda Golden Bay.