Kivuli Hutangulia Mwenyewe

Tunapozungumza habari za filamu za kutisha, aghalabu tunazungumza habari za kitishacho: jini, mzuka, maiti aliyefufuka, mnyama asiye na jina. Kwa maoni yangu kitishacho ndicho cha mwisho kuja, na mara nyingi kingeweza kutokuja kabisa na hofu isipungue. Kinachotutisha ni jinsi mahali palivyopangwa. Ni mlango ulioachwa wazi nyuma ya mtu asomaye barua. Ni taa iliyowekwa chini ili vivuli vipande ukutani. Ni nusu nzima ya picha iliyoachwa tupu, jicho la mtazamaji likawa halina budi kuijaza lenyewe. Wapenzi wa ushairi hawatahitaji kuelezwa sana. Ubeti haujengwi kwa maneno peke yake. Kile kituo kidogo baina ya ukwapi na utao, pale msomaji anapovuta pumzi, nacho kina kazi yake, na malenga hodari anajua ni lipi la kukiachia kimya kiliseme.

Mfano wangu ni filamu ya Kihindi, Mahal, iliyotengenezwa na kampuni ya Bombay Talkies na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Najua wako watakaoshangaa. Katika kumbukumbu za wazee wetu waliokulia katika majumba ya senema ya Mjini, Majestic, Empire na Sultana, filamu ya Kihindi ni nyimbo, machozi na nguo za kupendeza. Hofu ni mali ya Wazungu. Lakini Mahal ni filamu ya mzuka, na namna ilivyopangwa mbele ya macho imenifunza juu ya hofu kuliko filamu nyingi nilizozitazama baadaye, zenye damu ya kujaza ndoo.

Kisa chenyewe ni hiki. Shankar, anayeigizwa na Ashok Kumar, anahamia katika kasri kuukuu huko Allahabad. Usiku wa dhoruba mtunza bustani anamsimulia habari za nyumba ile: kwamba miaka mingi nyuma ilijengwa na mtu asiyejulikana, akakaa humo mpenzi wake aitwaye Kamini, kwamba mwanamume yule alikuwa akija usiku wa manane na kuondoka kabla ya alfajiri, kwamba usiku mmoja chombo chake kilizama, na baada ya siku chache Kamini naye akafa. Shankar anaingia chumbani. Picha iliyotundikwa inaanguka kutoka ukutani. Anaitazama, na uso uliomo ni wake yeye.

Hapo hapajatokea mzuka wowote. Picha imeanguka, na usiku wa dhoruba picha huanguka. Hata hivyo nyumba imekwisha kusema neno lake, nalo ni kwamba mgeni huyu si mgeni. Tangu hapo kila ngazi, kila nguzo na kila pazia linamtazama yeye, wala yeye halitazami tena kama mpangaji atazamavyo nyumba mpya. Kisha saa ya ukutani inapiga mara mbili. (Sisi, ambao kwetu saa mbili ni wakati wa kutandika jamvi kwa chakula cha usiku, hutubidi tuhesabu upya: hiyo ni saa nane, wakati ambao hata mbwa wamenyamaza.) Ndipo sauti ya mwanamke inapoanza kuimba, mbali, kama inayotoka ng'ambo ya maji.

Wimbo huo uliimbwa na Lata Mangeshkar, na santuri yake ya mwanzo haikuandikwa jina la Lata bali la Kamini, yaani mzuka mwenyewe. Lata alisimulia baadaye kwamba, ili sauti isikike kama inakaribia, ilimbidi aanze kuimba akiwa kwenye kona ya chumba cha kurekodia, kisha aisogelee maikrofoni hatua kwa hatua. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonesha kuwa hata sauti ilipangwa kama kitu kionekanacho: ilipewa umbali, ikapewa mwendo, ikapewa njia ya kupitia ndani ya nyumba. Shankar anaifuata sauti kwa miguu, nasi tunamfuata yeye kwa macho. Tunapitishwa katika giza na mwanga, giza tena na mwanga tena, kama mtu apitaye ushorobani nje ya madirisha ya watu. Mwanamke yule, Madhubala, ambaye wakati huo alikuwa bado binti wa miaka kumi na sita, tunaoneshwa kwa mbali akiwa kwenye pembea. Akikaribiwa, huponyoka. Sijui mpango mwepesi kuliko huo wala ulio na nguvu zaidi: kumweka mtu mahali, kisha kupaacha mahali pale bila mtu.

Kamal Amrohi, mwongozaji, ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu. Aliyeshika kamera alikuwa na uzoefu mkubwa zaidi: Josef Wirsching, Mjerumani kutoka Munich, aliyefika India kwa mara ya kwanza mwaka 1925, akarudi miaka ya 1930 kufanya kazi na Bombay Talkies, akawekwa kizuizini na Waingereza wakati wa vita kwa kuwa ni raia wa nchi adui, kisha akatoka na kuendelea na kazi yake. Kijana huyu alijifunza ufundi katika Ujerumani ya miaka ileile ambayo ilitoa filamu ya Dkt. Caligari mwaka 1920, ambamo vivuli vyenyewe vilichorwa kwa rangi kwenye kuta na sakafu, nyumba zikapinda na njia zikapinda kama akili ya mwendawazimu. Mwaka 1922 ikaja Nosferatu ya Murnau, na ndani yake ile picha ambayo hata asiyeitazama filamu hiyo ameiona mahali: mnyonya damu anapanda ngazi, lakini tumwonaye si yeye, ni kivuli chake tu, mgongo umepinda na vidole ni virefu kama matawi makavu. Kivuli kinamtangulia mwenyewe. Nasema basi kwamba kivuli kile kilisafiri. Kilitoka Ujerumani kikafika Bombay, na kutoka Bombay, ndani ya mikebe ya filamu, elimu ya kutishana kwa taa iliendelea na safari hadi pwani yetu, ikijificha nyuma ya nyimbo.

Wengine waliufikia ukweli huohuo kwa njia ya umaskini. Kule Marekani mwaka 1942 Jacques Tourneur alitengeneza Cat People kwa fedha kidogo, na kipande bora cha filamu hiyo ni mwanamke anayeogelea peke yake usiku ndani ya jengo. Mwanga wa maji unacheza kwenye kuta na dari, pembeni kunasikika mngurumo, basi. Chui hatumwoni wazi. Tungemwona tungesema, kumbe chui.

Hilo ndilo lililozishinda filamu za ndugu wa Ramsay, ambazo wengi wetu tulizifahamu kwa kanda za video. Purana Mandir ya mwaka 1984 ina hekalu, ina moshi, ina taa za kijani na buluu, na ina zimwi kubwa lenye kutisha sura. Tulipiga kelele na tukacheka, na siidharau furaha ile. Lakini zimwi likishatokea kamili mbele ya taa, kazi ya jicho imekwisha. Lililobaki ni mbio.

Sasa nirejee Mahal, maana liko jambo ambalo wahakiki wengi huliona kuwa ila ya filamu hiyo. Mwishoni, mahakamani, inafichuliwa kwamba Kamini hakuwa mzuka. Alikuwa Asha, binti wa mtunza bustani, aliyelogwa na hadithi ya nyumba ile hata akaamua kuiigiza. Wanasema tumechezewa. Mimi sioni hivyo. Maneno yanatwambia hapakuwa na mzuka, lakini taa kwa muda wote zimetwambia upo, na Shankar amekwisha kuangamia kwa kuyaamini yale aliyoyaona. Maelezo ya mahakamani hayarudishi kitu. Labda ndiyo sababu filamu hii ya mzuka inaweza kutazamwa mara kumi: siri imeshajulikana, na nyumba bado inatisha.

Niliitazama kwa mara ya kwanza pamoja na shangazi yangu, kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, giza lake limekuwa matope. Shangazi alitaka taa ya sebule izimwe, akasema senema ya usiku haitazamwi mchana. Kihindi hakukijua ila maneno ya nyimbo. Lakini alimfuata mtu ambaye mimi sikumfuata kabisa: Ranjana, mke ambaye Shankar aliozwa na wazazi wake. Shankar anampeleka kuishi mahali pa upweke, penye nyoka na popo, na moyo wake ameuacha kasrini. Kamini amepewa pembea, mwanga wa kumzunguka uso, na sauti itokayo pote. Ranjana amepewa chumba kidogo, na mume ambaye yupo na hayupo. Mwishowe anakunywa sumu, na katika pumzi zake za mwisho anamshitaki mumewe kuwa ndiye aliyemuua.

Mwanamke aliye hai amepangwa kama mfu ili apendwe; mwanamke mwingine aliye hai amewekwa gizani kwelikweli, wala hakuna amtafutaye kwa taa. Hilo sikuliona peke yangu. Shangazi, ambaye mumewe kwa miaka kumi na mbili alikuwa akirudi nyumbani kila jioni na kukaa roshani akitazama bandarini, aliniuliza katikati ya filamu, "Mwanangu, yule mke mbona hawamtii taa?"

Kanda ilipokwisha aliniomba niirudishe nyuma. Nikadhani anautaka wimbo, nikaipeleka hadi pale saa inapopiga. Akasema sipo. Twende mbele, mbele kidogo tena, hadi kule penye popo. Akasogeza kiti karibu na kioo.