Wimbo Uliotoka Kwenye Gemu

Kizuka, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpenzi,

Ndagala wanapatikana, mawese ya mwaka huu ni mazuri, na bibi yako anaendelea vizuri na mguu wake.

Mama yako alinipigia simu hivi karibuni. Amesema huko Bujumbura unakaa kwenye kinanda kwa muda wa saa tatu kila siku, na kwamba unachopiga ni miziki ya gemu na ya katuni za Kijapani tu. Akaniomba nikukanye. Nimekaa na ombi lake siku nne, nikaona nikuandikie wewe kwanza, naye nitamweleza mwenyewe. Sikukanyi.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa napiga kinanda cha upepo cha kwaya, kile cha kukanyaga kwa miguu. Usiku tulisikiliza rumba redioni, zikitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Jioni moja kabla ya mazoezi nikajaribu moja, taratibu, nikidhani niko peke yangu. Mwalimu wetu akaingia, hakusema neno, akateremsha kifuniko vidole vyangu vikiwa bado juu ya funguo. Vidole vilipona baada ya wiki mbili. Kinanda sikukigusa tena kwa miaka saba, na miaka ile sijaipata tena mpaka leo. Sitaki mtu mwingine wa ukoo huu afungiwe kifuniko.

Sasa nikukumbushe ile Krismasi uliyokuja hapa. Umeme ulikatika, ukatia betri kwenye kinanda chako, ukapiga ule wimbo wa Final Fantasy X unaoitwa To Zanarkand. Mimi sikuujua. Akina mama waliokuwa wakichambua ndagala uani waliacha mikono ikae ndani ya sinia. Jirani yetu mzee akachungulia mlangoni akauliza, "Nani kafariki?" Mwanangu, wimbo wa mtu asiyemjua, kutoka gemu ambayo hataiona maishani, ulimfikisha mlangoni kwetu kutoa pole. Tangu usiku ule sijawahi kuuita huo muziki wa kitoto.

Nimeulizia habari za aliyeutunga. Ni Nobuo Uematsu, na gemu yenyewe ilitoka mwaka 2001. Hakusomea muziki chuoni. Piano alijifundisha mwenyewe tangu utotoni, kwa kusikiliza. Kwa hiyo usione aibu kwamba hapa kwetu hakuna mwalimu wa piano. Lakini yeye alijifunza kwa sikio, na wewe unajifunza kwa macho. Nimeziona zile video zako, vipande vya rangi vinadondoka kama mvua juu ya funguo, nawe unakimbiza vidole kuvidaka. Zitazame mara moja au mbili, ujue njia inakopita, kisha ulaze simu kifudifudi. Uimbe wimbo kwa mdomo, kwa do re mi kama tunavyofanya kwaya, ndipo uutafute kwenye funguo. Usichoweza kukiimba ukiwa unaosha vyombo, bado hujakijua.

Usiku uleule ulipiga na ule wa Super Mario. Watoto walicheza mpaka vumbi likatimka. Hapo ndipo nilipoona kasoro mbili, na ndizo hasa zilizonifanya nishike kalamu.

Ya kwanza ni mkono wako wa kushoto. Wa kulia unakwenda kama mtumbwi wenye mashine, wa kushoto unaufuata ukichechemea. Wimbo ule Koji Kondo aliutunga mwaka 1985 kwa mashine ya Nintendo iitwayo Famicom, yenye njia tano tu za sauti: mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, moja ya kelele kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, ambayo ndiyo ngoma yake, na ya tano ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Mtu aliyepewa kidogo namna hiyo hatupi noti hata moja. Sisi wa kwaya tunalijua hilo, maana tuna sauti nne na basi. Ukiipuuza ile besi kwa kuwa haiimbiki, umeng'oa nguzo na kuacha paa hewani. Kumbuka wapiga ngoma wetu, wale ambao UNESCO iliwaingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ngoma ya inkiranya iko katikati inaongoza, wachezaji wanaruka, na macho ya watu yako hapo. Lakini sikiliza ngoma za amashakwe: mdundo mmoja, haukatiki, hautafuti sifa. Mkono wako wa kushoto ni amashakwe. Upe wiki nzima peke yake, wa kulia ukiwa mapajani, polepole, mpaka anayepita nje atikise kichwa.

Ya pili ni kwamba hukujua kumaliza. Uliuzungusha ule wimbo mara nne, kisha ukaacha katikati, kama mzee aliyesinzia akisimulia. Si kosa lako lote. Mtunzi wa gemu hajui mchezaji atakaa pale dakika moja au saa nzima, kwa hiyo anaufunga mwisho wa wimbo kwenye mwanzo wake, mshono usionekane. Wa katuni nao una shida yake: ule wa kufungulia hukatwa utoshe dakika moja na nusu, na ukiupiga kama ulivyo kwenye televisheni, unaisha watu ndio kwanza wanaanza kuuzoea. Nyimbo hizo zilitengenezwa kwa mtu aliyekaa na kioo chake. Wewe umezitoa huko, umezileta uani penye watu, na watu wanataka kujua wamefika. Mwisho utautunga wewe. Chagua mzunguko utakaoishia kabla hujaketi. Katika vipigo vinne vya mwisho punguza mwendo, teremka kwenye do ya chini kabisa, na usiinue mguu kwenye pedali mpaka sauti iishe yenyewe. Jaribu namna tatu au nne. Kazi hiyo ndiyo itakayokutofautisha na simu, kwa kuwa simu nayo inaupiga wimbo uleule bila kukosea hata noti moja.

Jambo jingine, na hili mwoneshe mama yako. Mwaka 2005 ilitoka gemu iitwayo Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia unaitwa Baba Yetu. Ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Aliutunga Mmarekani, Christopher Tin, na Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata kati ya nyimbo zote zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Fikiri: mlango huo ulifunguliwa kwa lugha yetu. Nilimsikilizisha bibi yako kwenye simu ya jirani. Unajua yeye ni mtu wa Ujiji, na sala hiyo alitufundisha kwa Kiswahili kabla hatujaijua kwa Kirundi. Alisikiliza kichwa kikiwa chini, midomo ikienda pamoja na kwaya. Ulipokwisha akasema amina, kisha akauliza ni kanisa gani hilo. Nilimwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akaniambia niuwashe tena.

Nakuomba uujifunze huo. Besi utaipata kwa urahisi, maana inatembea kama besi za kwaya. Sauti nitazigawa mimi hapa. Nina wanaume sita na wanawake kumi wanaoweza.

Utakapokuja kuupiga, usije wakati wa giza, wavuvi wote wanakuwa majini na taa zao. Njoo wakati wa mbalamwezi, samaki hawafuati taa, mitumbwi imepandishwa ufukweni na watu wanatafuta pa kukaa jioni. Betri sita kubwa nimeshanunua. Bibi yako amesema kiti chake kiwekwe karibu, upande wa mkono wako wa kushoto.

Mjomba wako